Ufito wa Futi Saba

Mtu mfupi kuitwa Futi Saba, hilo peke yake lilitosha kuwachekesha wageni. Wakiambiwa, "Mngojeeni Mzee Futi Saba awaonyeshe pa kuegesha," walitazama juu, wakitarajia jitu. Mara kinatokea kizee nyuma ya jengo, kofia imeshuka hadi masikioni, kopo la rangi mkono mmoja na baiskeli mkono wa pili, kinawaambia: "Karibuni. Rudini nyuma kidogo, gurudumu lenu limenikanyagia mstari."

Alisema "mstari wangu" kama mwingine anavyosema "shamba langu". Na ilikuwa haki yake. Jengo lile la ghorofa nne alilipaka yeye, ndani na nje. Namba za milango zilikuwa za mkono wake, na kibao cha daktari wa meno kule ghorofa ya pili kadhalika. Lakini fahari yake ilikuwa uani, kwenye maegesho: nafasi kumi na nane zilizonyooka kama meno ya kitana, na kila moja upana wake futi saba kamili, si inchi zaidi, si inchi pungufu.

Jina lilitokana na ufito. Miaka arobaini na moja nyuma, jengo likiwa bado linanuka saruji, marehemu mwenye jengo alikuja na gari lake jipya. Gari lile lilikuwa na jina lake la kiwandani, lakini watu walikwisha kuliita Kiberiti kwa udogo wake, na Kiberiti likabaki. Marehemu alikuwa na kitambi cha kutosha watu wawili. Akaliegesha Kiberiti katikati ya uwanja mtupu, akafungua mlango, akashuka kwa raha zake, na mlango akauacha wazi pale pale kitambi kilipouachia.

"Fundi," akasema, "pima kutoka gurudumu la upande ule mpaka ukingo wa mlango huu. Hiyo ndiyo nafasi ya gari moja. Nataka mtu ashuke kwenye jengo langu kama mheshimiwa, si kama mwizi anayetokea dirishani."

Fundi, ambaye bado hakuitwa Futi Saba, akaweka mbao nyembamba chini, akatia alama, akakata ufito. Futi saba. Ukuta wa nyuma ulikuwa na urefu wa futi mia moja ishirini na sita, na ufito uliingia mara kumi na nane bila kubaki hata upenyo. Marehemu alicheka mpaka kitambi kikatikisika. Tangu siku ile, kila mistari ilipofifia, fundi alikuja Jumapili uwanja ukiwa mtupu, akaupiga chini uzi wa chaki uache alama, akaulaza ufito ule ule, akapaka. Binti wa marehemu, wakati huo ana pengo la meno ya mbele, ndiye aliyemshikia ncha ya pili ya uzi. Alikuwa hodari wa kushika, ila akiona kipepeo tu, mstari umekwenda upande.

Mkewe fundi alikuwa na wivu na ufito ule, au alijifanya anao. "Wenzangu wana wake wenza wanaosema," alizoea kulalamika. "Mimi wangu ni mbao, hata kugombana naye siwezi." Maana ufito ulilala chini ya kitanda chao, umefungwa kitambaa usije ukapinda.

Mambo yaliharibika mwaka ule daktari wa meno aliponunua gari jipya. Daktari alikuwa mtu mnene, mpole, na asiyependa makuu, kwa hiyo alichagua gari dogo. Alichagua Kiberiti kama la marehemu, ila la toleo jipya kabisa. Baada ya mwezi milango yake yote ilikuwa na mikwaruzo, naye alikuwa haongei tena na wakili aliyeegesha kando yake. Siku moja magari ya pande zote mbili yakambana, mlango haukufunguka hata wa kupitisha mkono, na mgonjwa anamsubiri juu na shavu limevimba. Daktari akapanda viti vya nyuma, akafungua buti, akatoka makalio yakitangulia. Wagonjwa watatu walikuwa wanamwangalia dirishani. Mmoja alisahau jino lake kwa kucheka.

Jioni yake barua ikaandikwa, na wapangaji wote wakaitia saini. Ilisema hivi: kila mistari inapopakwa upya, nafasi zinapungua. Fundi amezeeka, macho hayaoni na mkono unatetemeka, na kila mwaka mstari unasogea kidogo kidogo.

Binti wa marehemu, ambaye sasa ndiye aliyekuwa meneja wa jengo, alishuka na barua ile mpaka kwenye kibanda cha vifaa. Alikuwa amevaa viatu virefu, akasimama mlangoni.

"Mzee wangu, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umeshika karatasi kama umeshika nyoka?"

Akamsomea. Kisha akamwambia yaliyobaki, macho yake yakiwa kwenye makopo ya rangi: kuna kampuni ina mashine, inapaka uwanja mzima kwa nusu siku, na inaanza mwisho wa mwezi. "Na wewe upumzike sasa, mzee. Umefanya kazi vya kutosha."

Kupumzishwa hakukumuuma Futi Saba sana, magoti yake yalikwisha kuomba ruhusa siku nyingi. Kilichomchoma ni ile "mstari unasogea". Miaka arobaini na moja hakuusogeza hata unywele, halafu leo aende nyumbani kama mtu aliyekuwa akiwaibia watu ardhi kwa brashi!

"Mwanangu," akasema, "mashine mlete. Lakini kwanza nipe Jumamosi moja, na watu wote walioweka saini wawepo. Nikikutwa nimesogeza inchi moja, nitauchoma ufito wangu mbele yenu."

Jumamosi watu walifika, maana nani hapendi kuona ugomvi wa bure? Futi Saba akaufungua ufito kwenye kitambaa chake, akaulaza juu ya nafasi moja baada ya nyingine, kumi na nane zote. Kila mahali uliingia sawasawa.

"Sawa," akasema wakili, ambaye kazi yake ni kutokubali. "Mistari inafuata ufito. Lakini ufito wenyewe nani anaujua? Mbao hukatwa. Leo umepunguza kidogo, mwakani kidogo."

Watu wakaguna. Ni kweli, nani angeujua? Aliyekuwepo siku ile alikwisha kuzikwa. Mkono wa Futi Saba, ambao barua ilisema unatetemeka na ulikuwa hautetemeki, sasa ukaanza kweli.

Meneja akaona mkono ule. Akageuka pembeni, akapiga simu. "Mama," wakamsikia akisema, "lile gari la baba bado linawaka?"

Sauti iliyojibu ilisikika uwanja mzima: "Kuwaka? Juzi nilikwenda nalo saluni!"

Nusu saa baadaye Kiberiti likaingia getini, rangi yake ya samawati iking'aa, na usukani kaushika mjane wa marehemu, miaka sabini na minane, na miwani ya jua usoni. Alipita katikati ya magari yaliyoegeshwa kama kuku anayepita miguuni mwa ng'ombe. Akaliingiza kwenye nafasi ya kwanza iliyokuwa wazi, kando ya gari la daktari, akazima injini.

Hapo watu wakasogea karibu. Magari yale mawili yalikuwa na jina lile lile nyuma, herufi zile zile. Moja lilikuwa babu, la pili kitukuu, na kitukuu alimpita babu kwa urefu, kwa upana, na kwa kimo pia, mpaka paa la Kiberiti la zamani lilikuwa usawa wa kitasa cha jipya. Milango ya jipya peke yake ilikuwa minene kama godoro.

"Lakini langu ni gari dogo!" daktari akasema, kama mtu anayejitetea mbele ya mkewe. "Nilichagua dogo kusudi!"

"Mwanangu," mjane akamwambia, "hata wewe ulizaliwa mdogo."

Kicheko kilipopoa, Futi Saba akaeleza jinsi ufito ulivyopimwa siku ile. Tatizo likawa moja: kitambi cha marehemu kimekwenda naye. Mjane akavua miwani, akamwangalia daktari kutoka kifuani kushuka chini, taratibu, kama anayechagua tikiti sokoni.

"Huyu huyu anafaa," akasema. "Ingia, baba."

Daktari akaingia Kiberiti. Gari likainama upande, likalia, likanyamaza. Kisha akafungua mlango akashuka, na cha ajabu alishuka vizuri, kwa nafasi, bila kuvuta pumzi. Mlango ukabaki pale kitambi kilipouachia. Wakili mwenyewe akachuchumaa na ufito: ncha moja kwenye gurudumu la upande wa pili, ncha nyingine ukingoni mwa mlango. Vikakutana kama ufunguo na kufuli lake.

"Mzee," wakili akasema akiwa bado amechuchumaa, "nimekukosea."

Basi wote wakamiminika kumpa mkono, na daktari alimkumbatia hadi kofia ikaanguka. Lolote angelitaka saa ile angelipewa. Lakini Futi Saba hakuwa akicheka nao. Alikuwa anaangalia gari la daktari, mstari na tairi vinavyogusana, na mkwaruzo mlangoni. Alikuwa mtu wa baiskeli. Miaka yote hiyo alipaka Jumapili, uwanja mtupu, akiangalia ufito na uzi, na hakuwahi hata siku moja kukaa kwenye gari la mtu ajaribu kushuka. Aliona aibu, na aliisema.

"Mistari haikusogea, hiyo ni kweli. Lakini magari yamekua miaka arobaini mbele ya macho yangu na mimi nasema tu futi saba, futi saba. Marehemu aliniagiza mtu ashuke kama mheshimiwa. Daktari ametokea kwenye buti. Hapo nimemwangusha marehemu mimi, si mtu mwingine." Akaokota kofia yake. "Nileteeni mbao na msumeno. Na wewe daktari, nenda ukakae kwenye gari lako."

Wakalisogeza gari la daktari peupe, akashuka, na Futi Saba akapima: futi nane na nusu. Akakata ufito mpya hapo hapo, vumbi la mbao likianguka kwenye viatu vya meneja. Hesabu ilikuwa rahisi na chungu: nafasi kumi na nane zinakuwa kumi na nne. Palizuka zogo, kila mtu akamkumbuka jirani yake mwenye gari lisilo na lazima. Meneja akalizima kwa kutoa nafasi yake mwenyewe, maana nyumba yake ilikuwa mtaa wa pili na kila mtu alijua. Wakili akaona haya akatoa gari lake la pili. Ndugu wawili washonaji wa ghorofa ya kwanza wakakumbuka kuwa wanaishi nyumba moja, na mhasibu akasema daktari wake amemwambia atembee.

"Na kampuni ya mashine?" wakili akauliza.

"Kampuni gani?" meneja akajibu.

Jumapili uwanja ulikuwa mtupu. Futi Saba alifika na makopo mawili ya rangi nyeupe, fito mbili begani, na mkewe aliyesema amekuja kumwona mke mwenza mpya. Alianza upande wa geti, akienda na ufito mpya kando ya ukuta. Moja, mbili, tatu. Mjane alikuwa amekaa ndani ya Kiberiti chini ya kivuli cha jengo, mlango wazi, akitoa amri ambazo hakuna aliyezifuata. Adhuhuri ikafika, nafasi ya kumi na nne ikapakwa, na ukuta ulikuwa bado haujaisha.

Kilibaki kipande mwishoni, pale pembeni. Hakuna gari la siku hizi ambalo lingeingia na mtu akashuka.

"Panda maua hapo," mkewe akasema.

Futi Saba alisimama akikitazama. Kisha akaenda kuchukua ufito wa zamani, akaulaza chini. Ncha moja iligusa mstari wa mwisho, ncha ya pili ikagusa ukuta.

Mjane alishuka garini akaja kusimama juu yake. Aliangalia ufito, akaangalia Kiberiti, akashika kiuno.

"Angalia mzee yule!" akasema. "Amekufa na bado kajishikia nafasi."

Futi Saba akapiga magoti, yakalia. Akautoa uzi wa chaki mfukoni, akatafuta kitu cha kufungia ncha ya pili, jiwe au msumari. Kabla hajakipata, meneja akavua viatu vyake virefu, akavipanga ukutani, akachuchumaa upande wa pili na kunyoosha mkono.

"Nipe hiyo ncha, mzee."

"Utashika vizuri? Hapa sitaki vipepeo."

"Nitashika," akasema, na akashika.