Kilichonikuta harusini Vihingo baada ya Fundi Rama kunibadilishia Windows

Wakuu, nawasalimu wote mliomo humu, mliosoma vyuoni na sisi tuliosomea mtaani.

Hili limenipata mwenyewe, sikusimuliwa. Na majina nayataja. Anayeona nimemwonea aje abishe hapa hapa.

Mimi ni mtu mzima, darasa la saba, naishi Misugusugu hapa Kibaha. Kazi yangu ni kupiga muziki kwenye sherehe. Nina spika, mixer, maiki na laptop moja used ambayo imezeeka na mimi.

Hiyo laptop ilikuwa na Windows 7. Ukiiwasha unaweza kwenda kuoga ukarudi. Lakini ikishawaka, imewaka. Nachomeka waya kwenye tundu la headphone, waya unaenda kwenye mixer, watu wanacheza. Sikuwa na ugomvi nayo.

Sasa anaingia mtuhumiwa wa kwanza, shemeji yangu Gaudence, mdogo wake mke wangu. Anafanya kazi ofisini Dar. Jioni anarudi amechoka kila kitu isipokuwa mdomo.

"Shemeji, hiyo Windows 7 walishaitupa. Haipati update. Virusi vitakuingilia ulie."

Wakuu, virusi mimi naletewa kila wiki na flash za wateja. Tunaishi navyo kama mijusi ya ukutani. Lakini akaniimbia wimbo huo mpaka mke wangu naye akaitikia kiitikio. Nikabeba laptop.

Mtuhumiwa wa pili ni Fundi Rama, ana kibanda chake pale barabarani. Kijana ana maneno matamu, ukimsikiliza unaweza kumpa binti.

"Mzee wangu, kaa kwa amani. Nakupigia Windows 10, nakuwekea na driver zote."

Kwa wasiojua kama mimi nilivyokuwa sijui, driver ni kile kiprogramu kinachoielekeza kompyuta namna ya kukitumia kifaa. Bila driver sahihi, sauti ipo lakini haijui njia ya kutokea.

Rama hatafuti driver ya laptop husika. Anayo programu kwenye flash inayojitafutia yenyewe, inaweka chochote kinachofanana. Ni kama mshenga anayekuletea mke yeyote, mradi urefu umelingana.

Nilipoifuata nikakuta imejaa wageni. Browser nisiyoijua. Kitu kinanitangazia hali ya hewa ya nchi za watu. Kingine kinaniambia kompyuta yangu mgonjwa sana. Nikamuuliza Rama, akasema hizo ni zawadi.

Akapiga singeli moja, ikalia vizuri kwenye vispika vya laptop yenyewe. Nikampa mkono, nikaondoka.

Hapo ndipo kosa lilipozaliwa, wakuu. Hakuna aliyechomeka waya. Si yeye, si mimi.

Jumamosi nikawa na harusi Vihingo, kule Kisarawe ndani. Mwenye shughuli ni Mama Zuhura, mjane, mkulima wa mihogo, anaoza binti yake wa kwanza. Wakwe ni watu wa Kibaha Maili Moja, watumishi wa serikali. Mama Zuhura alishasikia wanasema harusi ya shamba watachezeshwa madebe. Akaniita pembeni.

"Baba, leo usiniangushe. Mwanangu akitoka ndani, nataka wale mashangazi wa bwana harusi wasahau walichokisema."

Nikamwambia alale usingizi.

Alasiri, wakwe wamekaa, bi harusi yuko mlangoni amefunikwa kanga, kina mama wa kwao wamempanga. Kwao hatoki mpaka wimbo wake uanze, na akishasogezwa mlangoni si vizuri kumrudisha ndani. Nikachomeka waya. Nikabonyeza.

Spika kimya.

Wimbo unalia kwenye laptop yenyewe, kasauti kembamba kama mbu ndani ya chandarua. Nachomoa, nachomeka. Laptop haitambui kama kuna waya. Nikaweka maiki kwenye laptop, ikatoka sauti ya mtu aliyetumbukia kisimani.

Shangazi mmoja wa bwana harusi akauliza kwa sauti, "Huo ndio muziki, au kuna mtu kasahau simu mfukoni?"

Wenzake wakaangua kicheko. Mama Zuhura alinitazama tu, na bora angenitukana.

Nikampigia Rama, mtandao hakuna. Nikapiga tena na tena, hola. Kwenye simu yangu kuna kwaya za kanisani tupu, na hii ni harusi ya Waislamu. Nikachukua waya wa kuchaji, nikahamishia nyimbo za harusi kutoka kwenye laptop kuja kwenye simu. Jasho linanitoka mpaka kwenye soksi. Nikaiunganisha simu na mixer, nikaiweka juu ya spika.

Muziki ukalipuka. Vigelegele. Bi harusi akainua mguu.

Muziki ukakatika.

Kumbe kule juu ya spika ndiko mtandao uliko. Rama kaona nilimtafuta, sasa anapiga. Kwa kuchanganyikiwa nikabonyeza kupokea badala ya kukata, na sauti yake ikatokea kwenye spika zote mbili, kijiji kizima kinamsikia.

"Shikamoo mzee. Nimeona umenitafuta. Kama ni sauti, nilisahau kukwambia, lile tundu la waya sikulijaribu. Nilikuwa nina haraka, nawahi mpira."

Bi Mwanahawa, somo aliyemfunda bi harusi, bibi mwembamba mwenye sauti kama filimbi, akaja akainamia simu.

"Marahaba, mwanangu. Mpira mlishinda?"

"Hapana, bibi. Nani mwenzangu?"

"Basi hasara umepata mbili."

Akakata simu mwenyewe, akawageukia wenye ngoma wa kwao waliokaa pembeni, akaanzisha papo hapo:

*Fundi wa Misugusugu, kapaka rangi mlango,*
*ufunguo kauacha, kakimbilia kiwanjani.*

Kina mama wakadaka. Ngoma ikaingia. Bi harusi akatoka na wimbo huo, uwanja wote umesimama. Yule shangazi wa simu mfukoni alikuwa wa kwanza kuvua viatu akacheza. Mama Zuhura alicheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya kanga.

Mimi nikajifanya nakunja nyaya.

Maoni yangu, na mnaruhusiwa kuyapinga. Windows mpya si mbaya, mbaya ni kubadilisha kitu kinachokulisha wakati siku ya kazi imekaribia. Programu za kujitafutia driver ziogopeni. Gaudence mwenyewe, baada ya kusemwa wiki nzima, ndiye aliyekuja kushusha driver halisi kwenye tovuti ya waliotengeneza laptop, na sasa waya unasoma. Na ukienda kwa fundi, nenda na vifaa vyako, usikie kwa masikio yako.

Mnaotumia Linux kwenye muziki, nipeni uzoefu. Na mliopona mikononi mwa kina Rama wengine, watajeni tuwajue.

Rama wangu kanuna, anasema nimemharibia jina. Mama Zuhura yeye kanipigia juzi, anaoza binti wa pili. Ananitaka mimi mimi. Ila kauliza kama yule fundi ataweza kupiga simu tena.