Usiwauze Wale Uliowasaidia

Nakumbuka siku yangu ya usaili wa chuo, mwanangu. Umeniambia unataka kuwaandikia watu wa chuo habari za wale watoto unaowafundisha kusoma Jumamosi, na mambo ya nyumbani kwao, ili wajue umejitolea kweli. Kaa kwanza. Chai haikimbii.

Kombe la Dunia lilikuwa limepita juzi juzi hapa Durban, nami nilikuwa msichana wa kusuka nywele katika saluni ya Tantine Béa, dada ya baba, kule South Beach. Nilitaka chuo cha uuguzi, sikutaka kitu kingine. Kila Jumatano nilipanda taxi hadi kliniki moja upande wa Sydenham, nikawatafsiria bure wamama wetu, Wakongo na Warundi, wasiojua Kiingereza wala Kizulu. Chuo kilitaka mtu aliyewahi kujitolea, kwa hiyo hapo sikuwa na wasiwasi.

Tantine ndiye aliyenitia hofu. Kuna mama mmoja wa kanisa letu niliyemtafsiria siku daktari alipompa habari nzito. Tantine hakujua ni nani wala ni habari gani, ila alijua nilirudi nikilia. Asubuhi ya usaili, huku akininyooshea kola, akasema kwa Kiswahili chake cha Kongo: "Uwaambie juu ya ule mama. Hawa watu wa ofisi njo wale wale. Bila histoire, hadithi ya kuliza watu, hupati kitu."

Usimcheke. Wengi wetu tuliipata nchi hii hivyo. Kwenye ofisi ya wakimbizi unakaa mbele ya mtu asiyekujua, unamfunulia yaliyokuumiza, na yasipomgusa unarudi bila karatasi ya kuishi hapa. Tantine alikuwa amefanya hivyo mpaka akaona kila meza ni ile meza.

Basi nikaingia. Walikuwa wawili, bibi mmoja wa miwani na bwana mmoja. Joto lilikuwa kali, mlango wameuacha wazi, na nje kwenye benchi, kati ya waliokuwa wakingoja zamu, nikamwona Solange. Solange ni wifi ya yule mama.

Yule bibi akauliza juu ya kliniki, nikajibu vizuri. Kisha akaweka kalamu chini. "Tupe mfano. Mtu mmoja uliyemsaidia, na ilikuwaje."

Kichwani alikuwa yule mama tu. Nikatafuta mwingine, simpati. Kubadilisha jina kungesaidia nini? Solange angemtambua kabla sijamaliza, kwa watoto wake tu na kwa mume aliyebaki Bukavu.

"Ninaweza kuwaambia nilichofanya mimi," nikasema. "Nilijifunza kumtazama mgonjwa wakati daktari anaongea, na kutopunguza neno hata likiwa baya. Lakini habari yake siwezi."

"Tufunge mlango?" akauliza yule bibi.

"Hata mkifunga, mama."

Yule bwana akatazama saa. Wakanishukuru, nikatoka.

Sikuchukuliwa. Kama ni kwa sababu ya jibu lile, hawakusema, lakini Tantine hakuwa na shaka. Eish, alinisema. Alinisema mbele ya wateja, alinisema tukipika, akaniita mjinga aliyejifungia mlango mwenyewe. Nililia sana, maana nilikuwa nimeanza kumwamini.

Jumamosi moja yule mama akaja kusuka, yeye na Solange. Akaketi chini, kichwa kati ya magoti yangu, wakawa wanabishana juu ya harusi ya kanisani na nani atapika pondu, yale majani ya muhogo. Alicheka mpaka nikamwomba atulie nisiharibu mstari. Nikafumua mstari ule ule mara mbili. Tantine akaniona. Akamtazama yule mama, akamtazama Solange, akaelewa ni nani, kisha akageuka akajifanya anatafuta chanuo.

Walipoondoka Tantine akaja kuketi karibu nami. "Nilikukosea," akaniambia. "Ile ofisi iliniharibu. Nilifikiri maumivu ya watu njo karatasi ya kupitia." Hakuniuliza ilikuwa habari gani, siku ile wala baadaye.

Mwaka uliofuata niliomba chuo kingine, Pinetown. Swali lile lile, jibu lile lile, wakanipokea. Na hata wewe leo sikuambii yule mama aliumwa nini.

Kwa hiyo nisikie. Jitolee, na ukiulizwa useme bila haya. Sema ulichofanya, ulichojifunza, na pale uliposhindwa. Lakini njaa ya wale watoto na baba anayekunywa, hayo waachie wenyewe. Walikuruhusu uwafundishe kusoma, hawakukuruhusu uwasimulie. Kabla hujaandika, fikiria mmoja wao amekua, anasoma ulichoandika, nawe umeketi karibu naye.

Mungu akufungulie chuo hicho, mwanangu, na kama si hicho, kingine. Na wale uliowasaidia wakikukuta njiani, wakusalimie bila kuinamisha macho.