Jiwe la Magadi Mfukoni

Kila nikifunua sufuria ya makande na harufu ya magadi ikanipanda puani, mkono wangu huenda wenyewe kutafuta mfuko wa sketi ya shule.

Mwalimu wa sayansi alisema kila mtu aje na chumvi, na asiye nayo atasimama nje. Nyumbani, chumvi yote bibi alikuwa amempa ng'ombe aliyetoka kuzaa. Nikachukua jiwe la bibi la magadi ya kulainishia makande, lililobaki moja tu kutoka sokoni Ngaramtoni, nikalificha mfukoni.

Zamu yangu ilipofika, nililibana katikati ya vijiti viwili vyeusi vilivyotolewa kwenye betri kuukuu, ambavyo mwalimu alikuwa ameviunga kwa waya na betri mpya na taa ndogo. Taa haikuwaka. "Kaleta jiwe la kupikia maharage!" mmoja akapiga kelele, na darasa zima likacheka. Nikaanza kuelekea mlangoni bila kuambiwa.

"Unakwenda wapi?" mwalimu akauliza. "Hata chumvi ya wenzako ikiwa kavu haiwashi. Chembe zenye chaji zimefungwa humo ndani, haziwezi kutembea. Liponde, likoroge kwenye maji."

Nilikoroga kwa kidole, kikateleza kama kina sabuni. Nikatumbukiza vijiti. Taa ikawaka, kwa mwanga hafifu wa rangi ya kiini cha yai, na pumzi niliyoibana tangu asubuhi ikanitoka yote.

Jioni bibi aliuliza magadi yake yako wapi.

"Yamewasha taa, bibi."

Alinitazama, akatazama sufuria. "Haya. Basi leo tutatafuna."

Makande yale yalikuwa magumu kama kokoto. Nilikula sahani mbili.