Kidole Kwenye Kitufe

Mtaani walimwita Ova, na jina hilo alijitakia mwenyewe. Kila alipomaliza kuongea na simu alisema "ova", akanyamaza, akasubiri, hata kama upande wa pili alikuwa muuza viatu tu anayeuliza kama redio yake imepona. Alikuwa amelitumikia jeshi miaka ishirini na miwili katika mawasiliano, na alipostaafu alifungua kibanda cha kutengeneza redio, chembamba kiasi kwamba mteja akiingia fundi lazima avute tumbo.

Kama hutaki mhadhara, usimwashie Ova filamu ya vita. Atakusomesha mpaka ujute. Atakuonyesha askari aliyelala kwenye matope huku sauti ya redio yake ikitoka safi kama ya mshereheshaji harusini. Atakuonyesha kamanda anayetaja hadharani jina lake na mahali alipo, adui akisikilizishwa bure. Ikifika "ova endi auti", hapo anasimama kabisa.

"Ova maana yake nimemaliza, nijibu! Auti maana yake nimemaliza, usinijibu! Sasa huyu bwana anataka nini? Unamkaribisha mgeni huku unamfungia mlango?"

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, na yeye aliwaacha wacheke.

Kulikuwa na kosa moja tu ambalo hakulifanyia mzaha. Kwenye filamu, askari akishika redio husema na kusikia kwa wakati mmoja, kama majirani wanaopiga soga kibarazani. Redio zile za vitani hazikuwa hivyo. Ukibonyeza kitufe unasema. Mpaka ukiachie ndipo usikie. Na maadamu umekibonyeza, hakuna wa kukufikia, awe jenerali, awe mama yako mzazi. Kosa hilo ndilo lililokaa kati ya Ova na dada yake kwa miaka kumi na tisa.

Dada huyo, mkubwa kwake, alikuwa mshonaji. Alijaliwa mtoto mmoja, na mtoto mwenyewe aliingia jeshini kwa kumfuata mjomba wake. Vita vilipopamba moto, asubuhi moja, doria ya watu tisa, kijana huyo akiwemo, iliingia korongoni ikakuta adui ametangulia. Mbeba redio alipigwa risasi mwanzoni kabisa, kijana akaichukua redio yeye. Kituoni, aliyekuwa zamu ni Ova.

Alimsikia mpwa wake akitaja mahali walipo, vizuri tu, kama alivyofundishwa. Kisha hofu ikamshika, akasahau kuachia kitufe. "Mjomba, nijibu! Mjomba, twende wapi?" Mita mia tatu nyuma yao, kwenye machimbo ya mawe, kulikuwa na kikosi kizima cha wenzao, nao hawakujua. Maneno ya kuwaokoa yalikuwa manne: rudini nyuma kwenye machimbo. Ova aliyasema mara ngapi, hata yeye hajui. Aliyasema kwa utaratibu, akayasema kwa kupiga kelele, akayasema akilia. Dakika sita kijana aliomba jibu, na dakika sita jibu lilikuwa likitumwa, lakini kidole cha mtoto kilikuwa kimeganda palepale. Halafu sauti ikakatika. Katika wale tisa hakurudi hata mmoja.

Msibani askari mmoja mropokaji akamwambia mama mtu nani alikuwa kwenye redio.

"Ulimjibu?" dada aliuliza.

"Nilimjibu, dada. Nakuapia."

"Akasemaje?"

"Hakunisikia."

"Wewe umsikie, yeye asikusikie? Redio ileile?"

Ova alieleza mpaka ulimi ukamkauka. Siku moja alimpelekea redio mbili za mkononi ili ajaribu mwenyewe, lakini dada hakutaka hata kuzigusa. "Usiniletee mambo hayo nyumbani kwangu," alisema. Hakumfukuza, hakumnunia. Alimpakulia chakula kila Jumapili. Ila filamu ya vita ikionyeshwa kwenye televisheni aliacha cherehani, akatazama, kisha akauliza bila kugeuka, "Mbona hawa wanasikiana?" Basi Ova aliisogeza sahani kando.

Ndipo wakaja watu wa filamu. Walitaka mtu anayejua redio za vita ile, wakaelekezwa kibandani. Ova aliwakubalia kwa sharti moja: pale askari kijana wa filamu anapoomba msaada handakini, waonyeshe ukweli. Mwongozaji, bwana mmoja aliyetafuna kifuniko cha kalamu kutwa nzima, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mzee, hii inauma kuliko niliyoandika mimi," alisema.

Wakapiga picha vilevile. Kidole cha mwigizaji kilionekana kwa karibu, kimebonyeza, hakiachii. Kamanda huku anapiga kelele, kule hazifiki. Walipomaliza, hata mpambaji wa waigizaji alikuwa akijifuta machozi. Siku hiyo Ova alirudi nyumbani kwa miguu akiimba. Sasa dada ataona kwa macho yake, na ataamini, kwa kuwa filamu ndizo alizoziamini siku zote.

Filamu ilipokuwa tayari, ilimchukua wiki mbili kumbembeleza dada. Jumamosi alasiri wakaenda kwenye onyesho la kwanza, dada amevaa gauni lake la kutokea, wakakaa safu ya katikati. Kilipofika kipande chenyewe Ova alishika kiti kwa mikono miwili. Kijana handakini. Redio. Kidole kwenye kitufe. "Nijibuni! Twende wapi?"

Na redio ikajibu. Sauti nzito, tulivu, haina hata mkwaruzo: "Nakusikia, mwanangu. Rudini nyuma. Nawafuata." Kijana akainua uso, akatabasamu, wakakimbia, wakapona. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Kidole kilikuwa bado kimebonyeza.

Ova alimwacha dada kwenye benchi la nje, akamkimbilia mwongozaji, akamkuta katikati ya watu wanaompongeza.

"Mzee wangu, nisamehe," mwongozaji alisema kwa sauti ya chini. "Tuliwaonyesha watu wachache kwanza, hawakuelewa. Walidhani redio imeharibika. Ikabidi fundi sauti aongeze jibu. Lakini umeona makofi?"

Ova alitaka kumkaba. Akageuka tu, akarudi kwenye benchi.

"Dada, ile sauti wameiweka baadaye. Tulipopiga picha haikuwepo. Niliwaambia..."

"Basi," dada alisema. "Kaa hapa, mdogo wangu."

Akakaa.

"Nimemwona yule kamanda. Ni mtu mzima, ameshazoea vita. Wewe ulikuwa bado kijana. Risasi, makelele, na anayelia ni mtoto wako mwenyewe. Uliogopa, mdomo ukawa mzito. Ni ubinadamu, nani asiyeogopa? Miaka yote hii nimekuwa nikikuwekea kinyongo, na nimechoka." Alimshika mkono, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu siku ya maziko. "Nimekusamehe leo, kabisa, kutoka moyoni. Ila usiniambie tena kwamba ulimjibu."

Ova alifungua kinywa. Maneno yote alikuwa nayo, yamejipanga, aliyasema mara elfu. Kisha akautazama uso wa dada yake. Ulikuwa umelegea, umetulia, uso wa mtu atakayelala vizuri baada ya muda mrefu sana. Kuyasema tena ni kuuvuruga uso ule, na wala asingeaminiwa.

"Asante, dada," akasema.