Kosa Alilobebeshwa Haidar

Siham binti Saud alipoajiriwa katika kampuni ndogo ya kompyuta pale Usagara, aliyemfundisha kazi alikuwa Haidar, Mpemba mmoja mpole ambaye hata akikasirika sauti yake haipandi. Wawili hao ndio waliotunza mfumo wa hospitali moja ya binafsi kule Mabawa, ulioandikwa kwa Java, lugha ya kompyuta, ambamo manesi walisoma majibu ya maabara.

Mwaka jana mfumo ukaanza kuchoka. Asubuhi ulikwenda, adhuhuri ukasuasua, alasiri ukaganda. Nesi Bibiana hakuacha kupiga simu.

"Dada, nabonyeza, naona kiduara kinazunguka tu. Na mgonjwa yuko mbele yangu."

Wakaizima seva na kuiwasha upya. Kesho yake yakawa yale yale. Mwenye kampuni, Manase, akapata wa kumtwisha. "Sehemu kubwa aliandika Haidar," alisema mbele ya watu wa hospitali, na mwezi haukwisha Haidar akafungasha. Hakujitetea. Siham naye alinyamaza, maana hakuwa na ushahidi.

Akautafuta. Java ina kawaida ya kufagia kumbukumbu ya seva, kuondoa visivyohitajika tena. Siham alipofuatilia grafu yake, akaona kila baada ya kufagia kinachobaki ni kingi kuliko kilichobaki kabla. Ikifika alasiri mfagio haupumzi, na kazi za manesi zinausubiri. Basi siku moja, mfumo ulipokaribia kuganda, akachukua nakala ya vyote vilivyokuwa kumbukumbuni, akakaa kuichambua. Yalikuwa majibu ya wagonjwa, maelfu kwa maelfu, yameshikiliwa na ukurasa wa ripoti. Kila ripoti iliyofunguliwa ilihifadhiwa ili siku nyingine ije upesi, na hapakuwa na mstari hata mmoja wa kuiondoa.

Ukurasa ule aliuandika Manase.

Siham akamwonyesha. Manase alitazama skrini, akasema, "Rekebisha."

"Na Haidar?"

"Ameshaondoka, Siham. Usifukue."

Akarekebisha. Ripoti za zamani zikawa zinatolewa kila nafasi inapojaa, na mfumo ukashinda mzima hadi jioni. Hospitali ikamshukuru Manase.

Siham akampigia Haidar.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Kwenu hawajambo?"

Akamweleza yote. Upande wa pili kuku walisikika.

"Nilimwambia ukurasa ule unashika vitu," Haidar akasema. "Akanijibu nisimfundishe kazi."

"Mbona hukusema siku ile?"

"Ningesema, nani angeniamini? Msemaji wetu kwao alikuwa yeye."

"Nitawaambia mimi."

"Sikukatazi. Lakini mimi sirudi tena. Niko na baba, twalima mpunga. Sitaki hata kuiona kompyuta."

Siham alikwenda Mabawa vivyo hivyo. Msimamizi wa hospitali alimkaribisha kiti, akamsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Lakini sasa hivi mfumo unafanya kazi?"

"Unafanya."

"Basi, mwanangu, hayo mengine ni ya ofisini kwenu."

Alitoka. Bibiana alimpungia mkono kutoka dirishani, akicheka, naye akashindwa kuuinua wake. Kesho yake alirudi kazini, kwa kuwa hakuwa na pengine pa kwenda. Manase hakumuuliza alikokuwa, wala tangu siku hiyo hakumwita kwa jina.