Farasi Aliyebaki Hewani

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kusimamisha picha. Bibi alipokubali nimfasirie musalsal, zile tamthilia za Kiarabu za vita vya mwanzo wa Uislamu, nilishika rimoti mkono mmoja na simu yenye kamusi mkono wa pili, na kila neno liliponitatiza nilibonyeza. Jeshi zima likasimama. Farasi akabaki hewani, miguu yote minne juu ya vumbi, mpaka mimi niridhike.

Kazi hiyo ilikuwa ya babu. Bibi anakijua Kiarabu cha nyumbani na cha sokoni, lakini Kiarabu fasihi cha maamiri wa kwenye televisheni kinampita, na babu alikuwa akimfasiria kwa Kiswahili cha Unguja huku anakunywa kahawa yake. Babu alipofariki, televisheni ilizimwa. Hata eda ilipokwisha, kila siku bibi aliswali Alasiri, akarudi chumbani, akafunga mlango mpaka Magharibi. Mimi nilikuwa ndio kwanza nimekuja Maskati kutoka Unguja kufanya kazi kwenye ghala moja la Rusayl, na nikirudi kwa bibi, Khuwair ya Kusini, nyumba ilikuwa kimya hata friji nikaisikia inavyonguruma. Nikamwambia bibi kwamba Kiarabu fasihi nakijua, na mlango ukafunguka.

Kweli nilikuwa nakijua, lakini nilijifunza peke yangu, kwa kamusi na katuni za watoto, bila mwalimu wa kunisahihisha. Kwa hiyo nilikuwa mwoga. Nilijiambia hawa wanaozungumza ni Masahaba. Nikilipotosha neno, nitakuwa nimewasemea wasiyoyasema. Siku moja zilitajwa bendera mbili za jeshi kwa majina mawili tofauti, nami kwa Kiswahili nina neno moja tu. Nilisimamisha picha nikaeleza ipi hubebwa na amiri na ipi hubebwa na kabila, kisha nikajirekebisha, kisha nikarekebisha marekebisho. Bibi alisikiliza kwa subira. Adui alikuwa bado hajafika mtoni wakati adhana ya Magharibi ilipoingia.

Ijumaa shangazi alikuja kutoka Bustan na kisahani cha halua. Akakaa karibu na mama yake, akafasiri yeye. Amiri akihutubia dakika nzima kwa Kiarabu cha kupanda na kushuka, shangazi husema, anawaambia wasikimbie. Basi. Mjumbe akija na barua ndefu ya mfalme wa Rum, shangazi husema, huyu anataka sulhu lakini ana kiburi. Bibi alicheka, akauliza, akamlaani msaliti. Mimi nilikaa pembeni nikihesabu kimoyomoyo maneno yaliyorukwa, na nakiri nilimwonea shangazi wivu. Alipokuwa anavaa viatu, akamwambia bibi aje akae kwake Bustan mpaka musalsal umalizike. Bibi akasema atafikiri, Jumapili atampa jibu.

Jumamosi ni siku yangu ya mapumziko, na nilijua ndiyo siku niliyobakiwa nayo. Asubuhi nilisikiliza sehemu ya siku hiyo peke yangu, nikaandaa maneno yote magumu. Saa ya Alasiri bibi akaja na sinia yake ya vitunguu thomu vya kumenya, tukaanza. Mambo yalikwenda vizuri mpaka alipotokea mwigizaji mwenye kilemba cheupe, anayeigiza Sahaba aliyeongoza jeshi. Alisema neno ambalo asubuhi sikulisikia. Nikasimamisha. Nilipoinua macho kutoka kwenye simu, bibi alikuwa ameipa televisheni mgongo, amegeukia dirishani, anamenya.

Nilijua nimeshindwa. Nikazima televisheni, nikamwomba radhi, nikamwambia kesho nitampeleka mwenyewe Bustan kwa gari.

"Mbona umezima?" akauliza, bado uso wake uko dirishani.

"Nimeona umegeuka, bibi. Umeshachoka na mimi."

Hapo ndipo alipogeuka kunitazama.

"Nnageuka kwa adabu, mjukuu wangu. Yule si Sahaba, ni mtu wa maigizo. Mwaka jana nlimwona kwenye tangazo anauza sabuni ya kufulia. Farasi nnawatazama, Warumi nnawatazama, lakini akija yule mimi macho yangu hayapo pale. Nnasikiliza tu. Babu yako alikuwa akijua. Nikigeuka, yeye haachi kusema."

Kumbe wakati mimi natafuta neno, yeye hakuwa na picha wala sauti. Alikuwa na ukuta, dirisha na thomu zake.

"Na yule farasi wa juzi," akaongeza, "maskini, mwache atue."

Nikawasha. Rimoti niliiweka juu ya kabati, mbali na mkono wangu. Sahaba alisema maneno sita au saba, nikashika matatu, nikamwambia bibi anawataka wasimame imara. Ubavu wa kulia wa jeshi ulirudi nyuma. Nikasema wamerudi nyuma. Kisha mzee mmoja akaletewa habari ya mwanawe, akasema kitu nisichokielewa hata kidogo. Bibi alikuwa dirishani, mikono imesimama juu ya sinia.

"Hili silijui, bibi," nikasema. "Lakini analia."

"Hilo nimelisikia mwenyewe," akasema. "Endelea."

Tukaendelea mpaka adhana. Jumapili shangazi alipopiga simu, bibi alimwambia yeye ndiye aje, na halua asisahau.

Bado nakosea, na yale maneno nayatafuta kwenye kamusi kesho yake, kazini, wakati wa chai. Lakini picha siisimamishi tena, na bibi akigeukia dirishani mimi naendelea kusema.