Mtoto Aliyelala Juu ya Sabuni

Wiki iliyopita nilikuwa nimekaa Tianxiu, jengo la biashara hapa Guangzhou, ofisini kwa wakala wa mizigo, nikingoja kuambiwa kama kontena letu limeshapokelewa bandarini Huangpu. Jirani yetu wa pale, mama wa Kikongo anayeuza wigi mlango wa tatu, akaingia na simu yake, anacheka mpaka kilemba kimelegea.

"Dada, angaliya hii filme," akaniambia. "Ya zamani kabisa, noir et blanc, haina rangi. Bafaransa wakati ya vita, banaficha siagi."

Nikaangalia. Mwanamke anasukuma kigari cha mtoto mchanga. Chini ya godoro la mtoto amepanga siagi ya magendo. Askari anamsimamisha, si kwa kumshuku, bali kumsifia mtoto, na sifa haziishi. Jua linawaka, siagi inaanza kudondoka. Mimi sikucheka. Filamu ile nilikwisha kuiona nikiwa na miaka minane, katika mji wetu mdogo karibu na mpaka, na nusura inipotezee bibi yangu.

Chini ya filamu watazamaji wameandika maoni, na simu ikanitafsiria. Mmoja anasema hajapata kuona kichekesho kizuri kama hicho. Mwingine analalamika kwamba inakwenda polepole, alisinzia. Wa tatu amekasirika: njaa si jambo la kuchekea. Huyo wa tatu nilimwonea huruma, maana sisi tulicheka, na njaa tulikuwa nayo.

Sijui kama miaka ile ya uhaba unaikumbuka, au ulikuwa hujazaliwa. Hapa Guangzhou muuzaji akikujibu meiyou, yaani hakuna, ujue umemuudhi kwa bei uliyotaja. Kitu kipo stoo. Kwetu, hakuna ilikuwa hakuna. Nguo tulifua kwa majani ya mpapai. Chai tuliisindikiza na kipande cha muwa, unatafuna, unashushia. Mpaka leo harufu ya sabuni ya mche ikinipitia, nahisi kama ni sikukuu.

Mimi na mdogo wangu tulilelewa na bibi, na hatukuwa na mwingine. Mara mbili kwa mwezi bibi alivuka mpaka kwa miguu kwenda "kumjulia hali dada yake". Mdogo wangu alimfunga mgongoni kwa mbeleko, na kati ya mgongo na mtoto alilaza miche ya sabuni. Hakuna askari aliyekuwa na moyo wa kumwamsha mtoto aliyelala. Siku moja mvua iliwakuta njiani, bibi akaingia nyumbani mgongo unatoa povu, na mtoto amelala fofofo, msafi kuliko watoto wote wa mtaa. Bibi alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akafuta machozi, akanionya nisimwambie mtu. Ulikuwa wakati wa msako wa walanguzi na wenye magendo. Mama mmoja wa mtaa wa pili alichukuliwa kwa katoni moja tu ya sabuni, na aliporudi, mwanawe wa mwisho alimkimbia kama mgeni.

Filamu ililetwa na mwalimu wa somo la Kifaransa wa sekondari, Jumamosi mchana. Madirisha ya ukumbi tuliyaziba kwa magunia, ukumbi ukanuka katani na karanga za kuchemsha. Mwalimu alisimama kando ya shuka jeupe na fimbo yake, akitufasiria kila neno kwa Kiswahili, sauti za wanawake akizibana puani. Nina hakika nusu ya maneno aliyatunga mwenyewe. Na alikuwa na desturi yake: filamu ikiisha, hatoki mtu mpaka maoni yatolewe.

Basi kigari kikatokea, siagi ikaanza kudondoka, ukumbi mzima unacheka. Nami, kwa furaha yangu ya kipumbavu, nikasimama juu ya benchi nikapaza sauti: "Kama bibi na mtoto na sabuni!"

Kicheko kikakatika. Mashine ya filamu ikabaki inakereza peke yake. Benchi la mbele alikaa balozi wetu wa nyumba kumi, mtu ambaye kazi yake ilikuwa kupeleka majina ya watu kama bibi. Hakugeuka. Bibi, aliyekaa kando yangu, naye hakunifinya wala kunivuta. Alijifunga kanga upya, taratibu, kama mtu anayejiandaa kwa safari. Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Filamu iliyobaki sikuiona.

Mwishoni watu wakatoa maoni kwa sauti za chini. Mwanamke mmoja alisema hakujua kama Wazungu nao hupanga foleni. Mzee mmoja akaona kosa la yule mama ni kutembea juani. Kisha balozi akasimama, akakohoa.

"Mimi naona filamu hii ni ya uongo mtupu," alisema. "Hakuna mtoto anayeweza kulala juu ya magendo asilie. Na watoto wetu wakiona uongo wa kwenye shuka, wanadhani wameuona nyumbani. Mwalimu, siku nyingine tuletee ya mpira."

Akakaa. Watu walicheka kuliko walivyoicheka filamu yenyewe. Bibi hakucheka. Alinishika mkono, tukatoka.

Njiani alisema neno moja tu: heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kesho yake akanituma kwa balozi na sahani iliyofunikwa kawa, chini yake nusu mche wa sabuni. Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu. Ilirudi na sukari, nyeupe, laini, ambayo haikuwahi kuonekana katika duka lolote upande wetu wa mpaka. Bibi aliilamba kwa ncha ya kidole, akaangalia nyumba ya balozi, akasema, "Kumbe."

Leo bibi hayupo, balozi hayupo, na ule ukumbi nimesikia ni ghala la saruji. Yule mtoto wa mbeleko ndiye atakayelipokea kontena nyumbani na kulilipia ushuru wake wote, mchana kweupe. Sabuni siku hizi zinauzwa mpaka za harufu ya maembe. Sitamani ile dhiki irudi. Namtamani mtu wa kusimama mbele ya watu na kudanganya kwa ajili ya nyumba ya jirani.

Nikamwomba mama wa Kikongo simu yake. Chini ya maoni ya wale wote nikaandika: Filamu hii ni ya uongo mtupu. Hakuna mtoto anayeweza kulala juu ya magendo asilie.

Haikupita robo saa, mtu akajibu kwamba sikuelewa kitu. Nikamrudishia mama simu yake. Nilikuwa na miaka minane nilipoielewa.